Livingstone, Nyangwe na nguvu ya picha: iliyotisha, iliyofariji na inayoonekana leo kwenye simu

Kwa watu wengi, jina la David Livingstone linakumbusha mambo mawili: Mzungu aliyetembea Afrika kwa miguu, na mzee mgonjwa aliyekutwa na Stanley kule Ujiji. Kusini mwa Maniema jina hilo lina uzito mwingine. Daktari huyo kutoka Scotland alikaa miezi mingi Kabambare akiuguza miguu yake. Na tarehe 15 Julai 1871 alikuwa sokoni Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, siku ambayo mamia ya watu, wengi wao akina mama, waliuawa kwa risasi au kwa kuzama majini.

Leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, karatasi alizoandika siku zile na mchoro wa mauaji hayo vinaonekana kwenye intaneti. Mkaaji wa Kasongo mwenye simu na mega chache anaweza kuvifungua. Watafiti wa Ulaya wanasema kutazama kazi za sanaa kwenye intaneti kunaweza kumtuliza mtu. Lakini picha ya Nyangwe si picha ya maua. Livingstone mwenyewe alibeba picha, akazionyesha, akazilalamikia, na mwishowe akaacha nyuma yake picha nzito kuliko zote. Maisha yake yanasaidia kuelewa ni wakati gani picha inamfariji mtu, na ni wakati gani inamwachia kidonda.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, karibu na Glasgow. Familia yake iliishi katika chumba kimoja ndani ya nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na umri wa miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda hicho, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Alikuwa akikiegemeza juu ya mashine ya kusokota nyuzi na kusoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake.

Baadaye alisomea udaktari na dini, akajiunga na Shirika la Wamisionari la London. Alitaka kwenda China, lakini vita vya kasumba vikafunga njia hiyo. Mwaka 1841 alifika Afrika Kusini. Mwaka 1844 simba alimrukia na kumvunja mkono wa kushoto, na mkono huo haukupona sawasawa. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat.

Kama mhubiri hakufanikiwa sana. Waliobatizwa kwa kazi yake walikuwa wachache mno. Moyo wake ulivutwa na njia, mito na nchi ambazo Wazungu walikuwa hawajazichora kwenye ramani.

Taa ya picha mbele ya chifu Shinte

Mwishoni mwa mwaka 1853 alianza safari kutoka katikati ya bara kuelekea Luanda, pwani ya Angola, akiwa na wanaume 27 aliopewa na chifu wa Wakololo. Kati ya mizigo yake michache kulikuwa na zawadi ya rafiki yake Murray: taa ya picha. Lilikuwa sanduku lenye taa ndani, kioo cha kukuza mbele, na vipande vya vioo vilivyochorwa picha za Biblia. Ukiingiza kipande cha kioo gizani, picha inatokea ukutani au kwenye kitambaa cheupe, kubwa kama mtu mzima. Kwa maneno ya leo, ilikuwa skrini.

Mwezi Januari 1854 alifika kwa Shinte, chifu wa Walunda, katika nchi ambayo leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia. Shinte aliomba kuona taa hiyo, na wakubwa wake pamoja na wanawake wa nyumba yake wakakusanyika. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiinua kisu kutaka kumchinja mwanawe Isaka. Watu walitazama kwa makini. Livingstone alieleza habari ile, na wanawake wakasikiliza kimya. Lakini alipovuta kioo ili kuweka kingine, kisu kile kilionekana kusogea upande wao. Waliruka wote pamoja, wakimwita mama, wakakimbia wakiangukiana, wala hakuna aliyeweza kuwarudisha. Shinte peke yake alibaki kwenye kiti chake hadi mwisho, kisha akasogea na kukichunguza chombo chenyewe.

Livingstone alijifunza jambo pale. Kila alipoonyesha picha alieleza pia chombo kinafanyaje kazi, ili watu wasidhani ni uchawi, na alieleza ni nani anayeonekana na kwa nini. Watu walikuja kutoka mbali kutazama na kusikiliza maelezo. Baadaye aliandika kwamba kati ya njia zake zote za kufundisha, hii ndiyo pekee ambayo watu walimsihi airudie.

Picha iliwavutia watu, na maneno yakawasaidia kubaki mbele yake. Pale picha ilipokimbia kuliko maneno, watu walitishika.

Picha zilizodanganya

Mwaka 1856 Livingstone alifika pwani ya mashariki, Quelimane, akiwa ametembea kutoka bahari hadi bahari. Aliporudi Uingereza alipokewa kama shujaa. Kitabu chake cha safari kilichapishwa mwaka 1857 na kikauzwa kwa wingi. Ndani yake kulikuwa na mchoro wa simba aliyemshambulia. Livingstone alipouona alikasirika. Simba alichorwa mkubwa kupita kiasi, na tukio zima halikufanana na lile alilolijua kwa mwili wake. Alimwomba mchapishaji auondoe. Haukuondolewa, na ndio uliokaa katika akili za wasomaji.

Katika safari yake ya mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, alichukua mchoraji wa kazi, Thomas Baines. Mwaka 1859 alimfukuza, akimshtaki kwa wizi wa mali ya msafara. Baines alikana hadi kufa kwake na hakupewa nafasi ya haki ya kujitetea. Michoro yake ya nchi ile bado inatazamwa hadi leo. Safari yenyewe haikufaulu. Mary, mke wa Livingstone, alifariki kwa homa huko Shupanga mwezi Aprili 1862, na serikali ya Uingereza ikawaita wasafiri warudi.

Kabambare: macho ya mgonjwa

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kwa mara ya mwisho, akitafuta chemchemi za mto Nili. Mwanzoni mwa mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, na tangu hapo mwili wake ulizidi kudhoofika. Alichukia biashara ya watumwa kuliko kitu chochote. Hata hivyo, njaa na homa vilimlazimisha kusafiri pamoja na wafanyabiashara wa watumwa, kula chakula chao na kuuguzwa nao. Aliingia Maniema akiwa na mmoja wao, Muhammad Bogharib, na mwezi Septemba 1869 akafika Bambarre, mahali panapojulikana leo kama Kabambare.

Katikati ya mwaka 1870 alijaribu kuelekea Lualaba. Wengi wa watu wake walikataa kwenda. Waliobaki naye walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Njia ilikuwa matope na maji. Miguu yake ikaota vidonda vilivyokula nyama, na mwezi Julai akarudi Kabambare akijikokota. Alikaa huko hadi Februari 1871. Kilichomsaidia hatimaye ni unga wa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba kutoka Katanga, lililochanganywa na maji na kupakwa kwa unyoya wa ndege.

Upweke ulimtesa kama vidonda. Barua hazikufika, na karatasi ziliisha. Katika muda aliokaa Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Kisha akaanza kuandika juu ya kurasa za gazeti la The Standard la Novemba 1869 lililomfikia kutoka pwani. Aliligeuza na kuandika akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutoka katika mmea wa huko.

Soko la Nyangwe

Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe. Mji huo ulikuwa umewekwa na wafanyabiashara wa pwani, na watu wao ndio waliokuja kuitwa Waungwana. Alitaka mitumbwi ya kuvuka na kufuata Lualaba, akidhani ndiyo Nili. Wenyeji hawakumpa. Walikuwa wameona kilichofanywa na watu wenye bunduki kila walipovuka, na hawakuwa na sababu ya kumwona huyu kuwa tofauti.

Alingoja karibu miezi minne. Katika kungoja huko dawa yake ilikuwa soko. Siku za soko alikwenda kutazama. Akina mama walifika kwa mitumbwi na kwa miguu, wakiwa na vyungu, samaki, mihogo, chumvi, kuku na mafuta ya mawese. Walibishana bei kwa sauti, walicheka, walishuhudia kila mmoja ubora wa mali yake. Kurasa zake za siku hizo zinaonyesha mtu aliyechoka lakini anayefurahi kwa macho. Aliona watu waliotaka kuuza, kununua na kurudi nyumbani salama.

Tarehe 15 Julai jua lilikuwa kali. Kwa hesabu yake soko lilikuwa na watu kama 1,500. Aliona wanaume watatu wa mfanyabiashara Dugumbe wakiingia na bunduki, jambo lisilo la kawaida. Alitaka kuwakemea, akadhani ni wageni wasiojua desturi, akaanza kuondoka kwa sababu ya joto. Mmoja wao alikuwa akibishania kuku. Livingstone hakuwa amefika mbali aliposikia risasi. Watu walikimbilia mitumbwi. Wengine wenye bunduki waliokuwa karibu na kijito nao wakafyatua risasi katikati ya umati. Mitumbwi ilijaa na kupinduka. Wengi walijitupa mtoni na kuogelea kuelekea kisiwa cha mbali, mkondo ukiwasukuma pembeni. Yeye aliona mstari wa vichwa juu ya maji, na vichwa vile vikipotea kimoja baada ya kingine. Ng'ambo ya mto vijiji viliendelea kuchomwa na kutekwa.

Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alifikiria kutumia bastola yake dhidi ya wauaji, lakini Dugumbe alimshauri asiingie katika ugomvi wa damu. Baadhi ya watu waliokolewa kutoka majini. Siku tano baadaye aliondoka Nyangwe, hakuweza tena kukaa. Alifika Ujiji mwezi Oktoba akiwa kama mifupa inayotembea, na huko ndiko Stanley alikomkuta.

Mchoro wa mtu ambaye hakuwapo

Habari ya Nyangwe ilifika Uingereza mwaka 1872 kwa barua ambazo Stanley alizibeba. Ilichochea hasira, na kusaidia kuisukuma serikali kumtuma Sir Bartle Frere Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Livingstone hakujua. Alikuwa amefariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo. Ulizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Mwaka huohuo rafiki yake Horace Waller alichapisha maandishi yake ya mwisho. Ndani yake kuna mchoro wa mauaji ya akina mama wa Nyangwe. Aliyeuchora hakuwapo. Mama mwenye kapu, samaki na bei ya kubishania hayumo. Kuna miili inayokimbia, bila jina wala uso wa mtu anayejulikana. Ndio mchoro unaotokea haraka leo mtu akitafuta Nyangwe kwenye simu. Ni kama simba yule wa mwaka 1857: picha iliyomtangulia shahidi.

Karatasi zafunguka tena

Karatasi zenyewe za Nyangwe zilikaa zimefifia. Wino wa mmea ulikuwa umepauka, na maandishi ya gazeti yaliyafunika yale ya mkono. Kuanzia mwaka 2010 timu iliyoongozwa na mtafiti Adrian Wisnicki ilipiga picha ya kila ukurasa mara nyingi chini ya mianga ya aina mbalimbali, ikiwamo ile ambayo jicho la mtu haliioni. Kisha kompyuta zikatenganisha wino na chapa ya gazeti. Mwaka 2011 kurasa hizo ziliwekwa kwenye intaneti, bure kwa kila mtu.

Zilizosomeka ziliongeza maswali. Maelezo ya siku zile hayafanani kabisa na yale ambayo Livingstone aliyanakili baadaye kwa utulivu, wala na kitabu cha Waller. Watafiti wameuliza kama baadhi ya watu wake mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka pwani na ambao tabia zao zilimchosha, walihusika katika fujo ya Nyangwe, na kama aliyapunguza mambo hayo alipoandika upya. Shahidi mkuu naye hakuwa nje kabisa ya tukio.

Kutazama kunakoponya

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzao, uliochapishwa mwaka 2022, uliwachukua watu waliotazama kwa dakika chache tu kwenye intaneti picha za maua ya majini za mchoraji Mfaransa Claude Monet. Wasiwasi wao ulipungua na hali ya moyo ikawa nafuu. Ni habari njema kwa mtu anayetafuta pumziko. Lakini yule anayefungua picha ya Nyangwe akiwa Kasongo au Kabambare, katika eneo ambalo vita vimewakimbiza wengi, hakutani na maua. Akiwa peke yake usiku, mbele ya miili isiyo na majina, anaweza kulala na uzito kuliko aliokuwa nao.

Maniema ilikuwa na jibu lake tangu zamani. Kwa Walega wa Pangi, chama cha Bwami kilikuwa na vinyago na sanamu ndogo za mbao na pembe za ndovu. Havikuwekwa ukutani vitazamwe ovyo. Vilitolewa katika mafunzo, kila kimoja na methali yake, mbele ya mwalimu, kwa mtu aliyefikia daraja la kuviona. Sanamu iliyokosa maneno yake haikufundisha kitu. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga Bwami marufuku, na vingi vya vitu hivyo sasa viko katika makumbusho ya Tervuren na kwingineko, na vinaonekana kwenye intaneti. Picha zimerudi, lakini methali hazikurudi nazo.

Mbele ya Shinte ilikuwa hivyohivyo, na kwa Nyangwe iko hivyo. Ukurasa wa gazeti lenye wino uliofifia unaumiza, lakini unaumiza kwa namna nyingine kuliko mchoro. Una siku, mahali, joto la jua na kuku aliyebishaniwa. Unasema kwamba kabla ya risasi kulikuwa na soko, na kwamba akina mama wale walikuwa watu wa kazi na kicheko. Huzuni yenye habari kamili inaweza kubebwa. Ile isiyo na habari humzunguka mtu bila kutua.

Kuna jambo moja zaidi. Kiswahili kinachosemwa leo Kasongo na Kabambare kilifika kwa njia ileile iliyoleta bunduki za Dugumbe. Watoto wa walionusurika walikichukua, wakakifanya lugha ya soko, ya kanisa, ya msikiti na ya shule. Lakini maelezo yanayoandamana na kurasa za Livingstone kwenye intaneti ni ya Kiingereza. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili kijito kiko wapi, soko lilikaa upande gani na familia zipi zilikimbilia ng'ambo hayumo kwenye simu. Ni mzee wa ukingo wa Lualaba, au mwalimu wa historia mwenye wanafunzi mbele yake. Picha zote mbili, mchoro na ukurasa, zikifunguliwa mbele ya mtu kama huyo, kijana anayezitazama atainuka akijua alichokiona.